Stakabadhi ya Kuku Mmoja

Bwana mifugo wa Kirumba alicheka kwanza,
kalamu ikabaki hewani: "Paka? Mwalimu, paka?"
Kisha akaliona tenga, na nilivyolishona
mlango kwa waya wa simu. Akakohoa,
akavuta kiti.

Asile kuanzia usiku wa manane, akasema.
Maji, ndiyo, kidogo kidogo, hata kwa ncha ya kidole.
Dawa ya usingizi ya binadamu usimpe,
atakufa, nawe ukidhani amelala.
Mtandikie kitu chenye harufu ya nyumbani.
Hapo nikatazama chini,
maana nyumbani kwangu kulishaingia kwenye maboksi manne
na harufu iliyobaki ilikuwa rangi mbichi
ya mpangaji ajaye.

Nikatandika shati langu la kusahihishia mitihani,
wino mwekundu mfukoni, jasho la Oktoba
lisilosikia sabuni.
Nikaandika namba ya simu kwenye kipande cha ngozi,
nikamvisha shingoni. Akatulia
kama mtu anayesomewa barua ya uhamisho.

Yangu ilikuwa na mistari mitatu.
Nansio. Hisabati. Mara moja.

Dirishani pa tiketi:
"Abiria?" Mmoja.
"Mzigo?" Maboksi manne, godoro, baiskeli.
"Na hicho kinacholia?"
Foleni ikacheka. Mama mwenye ndoo za dagaa akasema,
mwanamume mzima, na paka kwapani!
Karani akapekua kitabu cha viwango:
ng'ombe yumo, mbuzi, kondoo, kuku,
hata mzinga wa nyuki una bei yake.
Paka hamna. Aliyekitunga hakuwaza
kwamba yuko atakayempenda mpaka amlipie nauli.
Akaandika: Kuku, mmoja.
Akagonga muhuri, pa!

Basi, Kuku wangu, tukapanda.

Baharia alitaka uende chini
kati ya saruji na nyanya, ubavuni mwa injini
ingurumayo kama mashine ya kukoboa.
Nikasema hapana.
Sijawahi kumwambia hapana afisa elimu,
wala mwenye nyumba, wala yule aliyeondoka na redio;
siku hiyo nikamwambia baharia,
na sauti yangu ikanishtua mimi kuliko yeye.

Tukakaa kivulini. Kivuli kikahama, tukahama nacho.
Nikafunika tenga kwa taulo lililolowa,
nikaacha pembe moja wazi upate pumzi.
Jiwe la Bismarck likarudi nyuma,
mnandi juu yake wakianika mbawa.
Magugumaji yakapita, kisiwa kizima kisicho na mwenyewe.
Ulilia mpaka Mwanza ikawa mawe tu,
kisha ukanyamaza, na kimya chako
ndicho kilichonitia hofu.
Nikachovya kidole kwenye chupa, nikakipenyeza tunduni.
Ulimi wako, mkavu kama msasa,
uliuliza jambo nisilo na jibu lake.

Yule mama wa dagaa akasogea. Nyanjige,
jina nililijua baadaye. Hakucheka tena.
Alifungua pindo la kitenge, akatoa dagaa mmoja,
mkavu, wa kuchagua.
Nikamweleza maagizo: asile safarini, atatapika.
"Basi mtunzie," akasema.
"Akifika atataka kitu cha kumwambia kwamba amefika."

Sasa ni Nansio, chumba kimoja, taa ya kukopa.
Madirisha nimeyafunga; mlango naupita ubavu ubavu
usije ukachomoka ukaitafuta Kirumba kwa miguu.
Beseni la mchanga lipo pembeni.
Tenga liko wazi tangu magharibi
na hujatoka.
Sikulaumu. Maboksi yangu nayo
yangali na kamba.

Nimelala sakafuni, uso kwa uso na giza lako,
kisahani katikati yetu.
Sikuiti. Sinyooshi mkono.
Nahesabu, kazi niliyosomea,
nahesabu mawimbi, nayapoteza, naanza upya,

na mahali fulani baada ya mia tatu
nasikia kichwa kidogo cha samaki
kikivunjika menoni.